Muulize Fundi: Kabati la nguo la kujitengenezea mwenyewe

Mwezi huu maswali ya kabati yamezidi ya vitanda na meza, nadhani ni kwa sababu wengi wetu tunahama hama na kabati nyingi za kununua dukani hazihami mara mbili. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa makusudi, ukilielewa hilo mengine yanakuwa mepesi.

Shikamoo fundi. Nakaa Mbagala chumba kimoja cha kupanga, futi 10 kwa 10, nguo zangu ziko kwenye shangazi kaja mbili na nyingine zinaning'inia kwenye kamba ukutani zinashika vumbi tu. Nataka nitengeneze mwenyewe kabati la kawaida la mbao, milango miwili, sio la maonyesho. Nina msumeno wa mkono, nyundo, futi na bisibisi, jirani ana randa na drili. Nichukue mbao gani, ngapi, na vipimo viweje? Alafu huenda mwezi wa 8 nikahama. – Kijana wa Mbagala

Marahaba mwanangu. Umeuliza mbao gani na ngapi ila hujauliza ziwe zimekauka kiasi gani, na hapo ndo kabati nyingi zinapofia hata kabla msumeno haujagusa kitu. Mbao nyingi utakazouziwa hapo Dar ni paina za Mafinga, zile za shamba la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi huko Mufindi, zimepasuliwa, zimepakiwa kwenye semi, zimeshushwa, na unaweza kuzikuta dukani bado zina maji ndani. Paina sio mbao mbaya, watu wanaidharau bure, kwa kabati la ndani inafaa kabisa, ni nyepesi, inakubali msumari, randa inapita vizuri. Tatizo ni ubichi. Mbao ikikauka haisinyai kwa urefu, urefu unabaki karibu ule ule, inasinyaa kwa upana, kwahiyo ukiunga mlango kwa mbao mbichi leo ukafunga vizuri kabisa, baada ya miezi michache utaona mwanga katikati ya milango, fremu imejinyonga na mlango mmoja hautaki kufika mwisho. Watu wanalaumu bawaba, wanabadilisha bawaba, kumbe ni maji yametoka.

Utaijuaje? Mbao mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana, ukiiweka shavuni unasikia ubaridi, ukiigonga kwa ngumi inatoa mlio wa kufifia wakati kavu inalia. Hizo ni dalili tu. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kata kipande cha futi moja kutoka katikati ya mbao, sio kwenye ncha maana ncha hukauka mapema, nenda nacho kwa mwenye duka wa mtaani kwako mwenye mzani wa dijitali, kipime, andika uzito kwa penseli juu ya kipande chenyewe, kirudishe kikae na mbao zako. Kila wiki pima tena. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili tatu mfululizo ujue mbao imefika mwisho wa kukauka kwa hewa ya hapo ulipo, anza kazi. Paina ya inchi 1 inaweza kuchukua wiki kadhaa mpaka miezi miwili mitatu kutegemea na msimu, ya inchi 2 zaidi, na kama una haraka ya mwezi wa 8 basi nunua mbao sasa hivi hata kama hela ya plaiwudi bado.

Wakati zinakauka usizisimamishe ukutani zikaegemea, zitapinda. Zilaze tabaka tabaka, kila tabaka liachane na jingine kwa vijiti vya unene mmoja, kijiti kila baada ya futi 2 hivi, na vijiti vya juu vikae sawa sawa na vya chini yake mstari mmoja, vikipishana ndo unaipindisha mbao mwenyewe. Juu kabisa weka uzito, matofali mawili matatu yanatosha. Ziwe kivulini penye upepo, hata korido ya nyumba inafaa kama wapangaji wenzio hawana neno. Juani usiziweke, jua la Dar linakausha ngozi ya juu haraka na ndani bado maji, na nyufa zinaanzia hapo. Ncha zipake rangi ya mafuta yoyote iliyobaki mahali, maji hupenda kutokea kwenye ncha na zikikauka peke yake zinapasuka.

Kitu kingine, usichukue zile mbao za kijani zilizolowekwa dawa kwa ajili ya kenchi. Dawa hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, kwenye paa inafanya kazi nzuri sana, ila sio kitu cha kulazia nguo zinazogusa mwili, na vipande vyake visiingie jikoni kama kuni hata siku moja, moshi na majivu yake ni sumu. Mwambie muuzaji unataka isiyo na dawa.

Sasa vipimo. Kimo futi 6, upana futi 4, kina inchi 24, vyote nje kwa nje. Sijavitoa hewani. Henga ya kawaida ina upana wa kama inchi 17 mpaka 18, na koti likiwa juu yake linazidi kidogo, kwahiyo kina cha ndani kikishuka chini ya inchi 22 mabega ya mashati yatakuwa yanasugua mlango na utalazimika kuyatundika upande upande. Futi 4 na futi 6 nimezichagua kwa sababu shiti ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8, na plaiwudi ndo itakula hela yako kuliko kitu kingine, lazima ikatwe kwa akili.

Chukua mbao za inchi 2x2 za urefu wa futi 12, nane. Sita zinatosha kwa hesabu na mbili zilizobaki ni za akiba na za vishikizo vya shelfu. Tatu zikate katikati upate nguzo sita, nne za pembeni na mbili za katikati. Mbili zikate vipande vya futi 4, ndo vya kukatiza mbele na nyuma, juu na chini, na kitabaki kipande cha futi 8. Hicho kilichobaki na mbao ya sita vitoe vipande vifupi vya kina, tisa, vitatu kwa kila ubavu na vitatu vya katikati. Kumbuka msumeno nao unakula, kama milimita 3 kila ukikata, usije ukapanga hesabu kamili kamili.

Plaiwudi ni shiti nne. Ya kwanza milimita 6, ni ya mgongo, ikate futi 5 na inchi 8 na kinachobaki ndo kifuniko cha juu, kinazidi kidogo mbele na hiyo ni faida maana kitafunika unene wa milango. Ya pili milimita 9, ipasue katikati kwa urefu, unapata mbavu mbili, na masalia mawili ya kama futi 2 kwa 2 yanakuwa shelfu. Ya tatu nayo milimita 9, toa sakafu ya futi 4 kwa 2, kinachobaki kipasue kwa urefu, upande mmoja ni ukuta wa katikati na upande mwingine unatoa shelfu tatu. Ya nne ni ya milango, milimita 18, na kama hela haitoshi hii ndo ya kuiacha. Tundika pazia, kaa na pazia hata mwaka mzima, hakuna ubaya wowote, nguo hazitashika vumbi na milango utaiweka ukipata. Ninachokuomba usiache ni mgongo. Nimeona kabati za mninga mtupu, zimechongwa maua mpaka juu, nyuma zimepigwa silingibodi laini au hazina kitu kabisa, ukizisukuma kwa mkono zinayumba. Mgongo wa plaiwudi ulioshikwa vizuri pande zote ndo unaozuia fremu isilale upande, ni mfupa wa kabati zima. Kama una elfu chache za ziada zipeleke huko, zisiende kwenye vishikio vya dhahabu.

Kuunga: kwa anayeanza sikushauri ulimi na tundu, chukua kiungo cha nusu kwa nusu. Mahali mbao mbili zinapokutana kila moja unaipunguza nusu ya unene, zinalaliana zinakuwa unene mmoja, unapaka gundi nyeupe ya mbao, unakaza kwa skrubu mbili, unafuta gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka maana ikikauka vanishi haitashika hapo. Ukitoboa tundu la skrubu kwanza kwa drili, tundu jembamba kuliko skrubu, mbao haitapasuka. Unga ubavu wa kulia, unga wa kushoto, unga wa katikati, vyote vikiwa vimelala chini sakafuni, ndo uvisimamishe na kuviunganisha kwa vile vipande vya futi 4.

Na hapa nakuomba usiwe na haraka. Kabla hujapiga mgongo pima kona kwa kona, kutoka kona ya juu kulia mpaka ya chini kushoto, alafu ile nyingine. Kwa fremu ya inchi 48 kwa 72 zote mbili lazima zisome inchi 86 na nusu. Moja ikisoma 87 na nyingine 86 fremu imelala, sukuma ile kona yenye kipimo kirefu taratibu mpaka zilingane, ndo upige skrubu za mgongo, moja kila baada ya inchi 6, ukianzia kona moja kwenda kona ya pili ya upande ule ule kisha upime tena. Ukifanya hivi milango itakaa yenyewe. Ukipuuza utaichonga milango mpaka uchoke.

Kwa kuwa unahama, vipande vya futi 4 usivitie gundi. Vifunge kwa bolti na nati, mbavu na ukuta wa katikati ndo vibaki na gundi, na mgongo uwe wa skrubu peke yake bila msumari. Siku ya kuhama unafungua mgongo, unafungua bolti, kabati linalala bapa kwenye guta na wewe unalifunga upya chumba kipya. Weka alama ya penseli kila kiungo, A na A, B na B, vitakusaidia siku hiyo.

Nguzo ziache zishuke inchi 4 chini ya sakafu ya kabati ziwe miguu, plaiwudi za mgongo na mbavu ziishie juu ya hapo, zisiguse chini, maji ya kudeki yatapanda. Bomba la kutundikia liwe inchi 3 chini ya dari ya kabati ili henga iingie na kutoka bila kugonga, chini ya henga yenyewe unabakiwa na kama inchi 60, gauni refu linakaa, baibui ya 58 inakaa bila kukunja pindo. Upande wa pili shelfu ziachane inchi 12 hivi, zikiachana sana nguo zilizokunjwa unazipanga mnara na mnara unaanguka kila ukivuta ya chini. Chini ya kila shelfu weka kishikizo cha mbao mbele na nyuma, milimita 9 peke yake itapinda kwa uzito wa jinzi.

Milango, bawaba tatu kila mmoja, ya katikati isiachwe. Katikati ya milango miwili acha nafasi ya milimita 3, inatosha. Msasa anza namba 80, kisha 120, malizia 220, siku zote ukifuata nyuzi za mbao, ukikatiza nyuzi mikwaruzo utaiona vanishi ikishapakwa na hapo umechelewa. Paka sanding sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi, isugue kidogo, vanishi mkono wa kwanza iongeze thina, wa pili nzito zaidi. Paka ndani pia na paka nyuma ya milango, mlango uliopakwa upande mmoja unavuta unyevu upande mwingine na unapinda. Siku ya mvua usipake, vanishi itaingia weupe. Alafu liache wazi wiki nzima kabla ya kuweka nguo, harufu ya thina ikiingia kwenye nguo haitoki kirahisi.

Asalaam aleikum fundi. Niko Tanga karibu na bahari. Kabati langu ni zuri, la mtiki, ila kila masika nguo zinatoa ukungu, kanzu za mume wangu zimepata madoa ya kahawia na bawaba zimeota kutu. Nimeweka vidonge vya nafthalini lakini harufu tu. Nifanyeje? – Mama wa Tanga

Waaleikum salaam dada yangu. Mtiki hauna kosa, hapo Muheza kuna mtiki wa Longuza na ni mbao inayovumilia unyevu kuliko nyingi. Kosa liko kwenye hewa, haipiti. Naamini kabati limeegemezwa ukutani, tena pengine ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na limekaa moja kwa moja sakafuni. Ukuta huo ni wa baridi kuliko chumba, hewa yenye unyevu ikifika pale nyuma inatoa jasho, mgongo wa kabati unalowa, ukungu unaanza kwenye nguo za nyuma kabisa ambazo huzivai kila siku. Lisogeze inchi 2 mpaka 3 kutoka ukutani, ukiweza lihamishie ukuta wa ndani. Kama halina miguu liwekee vipande vya mbao chini. Alafu mwite fundi atoboe matundu kwenye mgongo, safu moja chini karibu na sakafu ya kabati na safu moja juu, hewa iingie chini itokee juu, nyuma ya matundu abandike wavu wa mbu mende wasipate njia. Matundu ya juu peke yake hayasaidii kitu.

Usifungie nguo zenye joto la pasi. Nguo iliyotoka kupigwa pasi ya mvuke bado ina maji japo mkononi inaonekana kavu, iache ipoe kwenye henga nje ya kabati. Na usilijaze, mkono wako upite kati ya nguo na nguo.

Hayo madoa ya kahawia kwenye kanzu yaangalie vizuri yamekaa wapi. Kama yako mabegani au mahali nguo inapogusa msumari, ni kutu, na jiki haitayatoa, jiki inaweza kuyafanya yazidi. Ndimu na chumvi juani ndo inayosaidia, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Kwa chumvi ya bahari bawaba za chuma zilizopakwa rangi ya dhahabu hazidumu, tafuta za shaba kamili au za stenlesi, na skrubu zake ziwe za aina hiyo hiyo, watu wanaweka bawaba ya shaba alafu wanaikaza kwa skrubu za chuma, kutu inaanzia kwenye skrubu. Ukienda dukani chukua sumaku ndogo, ikinata ni chuma ndani na nje ni mng'ao tu. Za stenlesi nyingine sumaku hushika kidogo, hizo usizitupe, ila shaba kamili haishiki kabisa.

Nafthalini dada yangu naomba uitoe. Ni dawa ya wadudu, ukungu haiujui. Na kama ndani ya nyumba kuna mtoto mchanga ni hatari hasa, kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo iko sana kwenye maeneo yetu ya malaria, na mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo au kufunikwa shuka lililokaa na nafthalini chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Ukitaka harufu nzuri mnayo ya kwenu tangu zamani, fukiza nguo udi, ziache zipoe na moshi utoke, ndo uzirudishe, na mfuko mdogo wa karafuu kavu kwenye shelfu.

Fundi, chini ya kabati langu kila asubuhi nakuta unga laini kama wa muhogo, nikifuta kesho upo tena. Kuna vitundu vidogo kwenye mguu mmoja. Ni mchwa? Jirani kanishauri nipake oili chafu. – Msomaji, Morogoro

Hapana, mchwa haachi unga safi namna hiyo, yeye anajenga njia za udongo na anapenda mahali penye unyevu. Huyo ni bungua, mdudu alitaga mayai ndani ya mbao na watoto wake ndo wanaokula humo ndani, wakikomaa wanatoboa wanatoka, hivyo vitundu unavyoviona ni milango ya kutokea. Angalia mguu wenyewe, nadhani utakuta vitundu vyote viko kwenye ile sehemu nyeupe au ya njano, sehemu ya nje ya gogo iliyo karibu na ganda, ndo yenye wanga na wadudu wanaifuata. Hata mninga au mkongo, kiini chake kigumu hakiguswi sana ila ile pembezoni yake nyeupe inaliwa vizuri tu, na mafundi wengine huificha kwa kupaka rangi ya mninga juu.

Oili chafu usiweke kwenye kabati la nguo, itachafua kila kitu, haitoki na harufu yake haiishi. Mguu mmoja ni kitu cha kubadilisha, ukate uweke mwingine wa mbao kavu iliyo kiini, na ulioutoa uuchome moto mbali na nyumba kama hauna dawa. Sehemu nyingine zisizo na vanishi zipake dawa ya boraksi, inaingia kwenye mbao tupu tu, kwenye vanishi haipiti, kwahiyo pigia msasa kwanza mpaka mbao ionekane. Alafu ziba vitundu vyote vya zamani kwa nta au mshumaa. Sababu ya kuziba ni hii, ukiona kitundu kipya baadaye utajua kuna waliobaki, bila hivyo utakuwa unakisia.

Habari fundi. Nilimpa fundi nusu ya hela ya kabati la mninga, aliniambia wiki mbili, sasa huu mwezi wa tatu, simu anapokea siku anayotaka yeye. Nikienda nakuta mbao zangu kazitumia kazi ya mtu mwingine. Nimechoka. Nifanye nini na siku nyingine nifanyeje? – Dada wa Dodoma

Pole sana dada. Hili linaniuma kwa sababu linatuharibia jina wote tunaoishi kwa randa. Linavyotokea huwa hivi: fundi kachukua hela yako kamalizia kazi ya mteja wa jana, sasa anasubiri mteja wa kesho ndo amalizie yako, na siku mteja wa kesho asipotokea mnyororo umekatika na wewe ndo uko mwishoni. Nenda na mtu mzima mwingine, msikae kugombana, mwandikishane tarehe ya kurudisha hela au kukabidhi kazi, wote msaini. Ikishindikana mwenyekiti wa mtaa anajua kusuluhisha mambo haya, na mafundi wengi wanaheshimu barua ya mwenyekiti kuliko simu thelathini.

Siku nyingine usitoe nusu ya hela yote. Nunua mbao mwenyewe, nenda na fundi mkachague pamoja, lipia wewe, risiti ibaki kwako. Kwa mninga au mkongo muuzaji awe na vibali vya maliasili, hizo ni mbao za misitu ya asili na zinavunwa kwa leseni ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa barabarani na hela yako ikaondoka nazo. Mbao zikifika kwa fundi piga picha, na kila mbao iwekee alama yako kwenye ncha, rangi ya kucha inatosha. Hela ya ufundi igawe: kidogo anapoanza, nyingine fremu ikisimama na wewe umeshaipima kona kwa kona, nyingine milango ikifunga kabla ya vanishi. Kabla ya vanishi ndo muhimu, hapo unaona kila kiraka, kila pengo lililojazwa vumbi la mbao na gundi, kila sehemu nyeupe. Vanishi ikishapita vyote vinapendeza. Ya mwisho lipa kabati likiwa chumbani kwako limesimama.

Na kabla ya yote mpe vipimo vya mlango wa chumba chako na kimo cha dari. Kabati la sentimita 210 lenye kina cha 60 ukilisimamisha kutoka kulala linahitaji karibu sentimita 219 kutoka sakafuni mpaka darini, maana linapita kwa kona. Kuna watu wamekatisha miguu ya kabati jipya kwa sababu hiyo.

Fundi, vijana wangu wawili hufungua milango ya kabati na kupanda shelfu kama ngazi, juzi liliinama mbele kidogo nikashtuka. Nifanyeje? – Mama wa Mombasa

Mama, hili lifanye leo leo, usisubiri Jumamosi. Milango ikiwa wazi uzito wote umekuja mbele, mtoto akipanda juu yake hakuna kinacholizuia. Kwanza shusha vitu vizito chini, mablanketi na masanduku yaliyo juu ya kabati yatoke. Kisha nunua kona mbili za chuma, zile za umbo la L. Ndani ya kabati juu kabisa zikaze kwa skrubu kwenye ile mbao ya kukatiza nyuma, sio kwenye plaiwudi, plaiwudi itang'oka. Upande wa ukuta toboa tundu la milimita 8, gonga plagi ya plastiki, kaza skrubu ya inchi 2 na nusu. Kama nyumba yako ni ya zamani ya mawe ya matumbawe, plaster yake huwa laini, toboa ndefu zaidi mpaka ufike kwenye jiwe lenyewe, na ukitoboa unga ukitoka mwingi bila ukinzani sogea inchi chache utafute mahali pagumu. Kama umeliacha mbali na ukuta ili hewa ipite, jaza nafasi hiyo kwa kipande cha mbao pale penye kona za chuma tu, kwingine kubaki wazi, na skrubu ya ukutani iwe ndefu zaidi kwa unene wa kipande hicho. Ukimaliza fungua milango yote miwili, shika juu ya kabati kwa mikono miwili uvute kwa nguvu zako zote kabla hujawaruhusu watoto kuingia tena chumbani, na likicheza hata kidogo ongeza kona ya tatu katikati.